Tundu la Wino

Benki ilipofunga tawi lake Vale de Urzes
walibandika karatasi mlangoni:
huduma zote sasa zinapatikana kwenye simu.
Karatasi ikalowa mvua, ikachanika,
na pensheni za watu arobaini
zikahamia mahali wasipojua njia yake.

Ndipo halmashauri ikanituma mimi,
Jumanne na Alhamisi,
na simu kumi ndani ya kikapu cha mayai
(sikuwa na chombo kingine)
nipande milima ya kaskazini mwa Ureno
nikawafundishe.

Darasa letu ni shule iliyofungwa kwa kukosa watoto.
Madawati ni yale yale, ya mbao nene,
kila moja na tundu la wino pembeni.
Etelvina alipoingia hakuuliza akae wapi.
Alikwenda moja kwa moja safu ya pili, karibu na dirisha,
akajikunja, magoti yakagonga ubao.
"Hapa ndipo nilipoachia," akasema.
"Darasa la tatu. Baba alikuja na kamba ya mbuzi."
Miaka sabini na mmoja.
Sikupata la kujibu. Nikamwonyesha kitufe cha kuwashia.

Waya wa chaji tuliupitisha kwenye tundu la wino.
Ulipita bila kusukumwa.

Kidole chake, kioo hakikukitambua.
Aligusa, akagusa tena,
akabonyeza kama anayemwamsha mlevi.
Kimya.
Jembe limekitia sugu kidole, sugu imekuwa gamba,
na simu, kazi ya watu wa vidole laini,
ilidhani hakuna mtu.
"Basi mimi sipo," akasema,
darasa zima likaangua kicheko,
mimi peke yangu nikainamia kikapu.
Mwishowe akakilamba kidole
kama afunuaye kurasa za kitabu cha sala,
na kioo kikafunguka.

Belmiro hataki habari za benki.
Anataka ile picha ipigwayo kutoka angani.
Tukatafuta kitongoji kimoja nje ya Lyon
alikochanganya zege miaka kumi na tisa;
akahesabu mapaa kwa ncha ya penseli:
hili langu, hili langu, hili la marehemu Zeferino,
hili wamelibomoa.
Hakurudi kwenye somo. Sikumrudisha.

Nenosiri, nikawaambia, ni siri ya mtu na nafsi yake,
lisiwe jina la mume wala tarehe ya kuzaliwa.
Deolinda akachagua jina la punda wake
aliyekufa mwaka wa ukame,
kisha akalitangaza kwa sauti
ili kila mtu amsaidie kulikumbuka.
Hadi leo, akilisahau,
humuuliza padri.

Sitasema kwamba wote walielewa.
Adérito aliirudisha simu yake ndani ya soksi:
"Karani Fausto alinijua kwa kikohozi changu
hata kabla sijafika dirishani.
Hii kila asubuhi inaniuliza kama mimi ni mimi."
Nilitaka kumwambia atazoea.
Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
nikanyamaza, nikamwandikia saa za basi
liendalo mjini, kwenye benki yenye watu.

Alhamisi moja ya theluji, usiku,
simu yangu ikatetemeka mezani.
Ujumbe wa sauti kutoka kwa Etelvina,
dakika nne na sekunde tatu.
Hakuna neno.
Maji yanachuruzika, ndoo inatuliwa chini,
kuku mmoja analalamika,
kisha pumzi yake akipanda ngazi,
anasimama ya tano,
anapanda.
Alibonyeza bila kujua, simu ikiwa mfukoni mwa aproni,
kwa kidole kile kile ambacho kioo hakikioni.
Au alijua.

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya somo la kufuta:
picha, namba, sauti zisizohitajika.
Nikalifungua daftari langu, nikalitazama somo hilo,
nikaanza na jingine.